Usiku Sipangi Vijana Watupu

Nilipoanza kazi wodi ya wazazi, miaka ya tisini, ripoti ya zamu ilikuwa ya mtu mmoja. Sista mkuu anasoma kitabu, sisi wadogo tumesimama kimya, mikono nyuma. Kuuliza ilikuwa utovu wa adabu. Kazi ukaiiba kwa macho: mkongwe anaweka fetoskopu tumboni kwa mama, anatega sikio, nawe unaisoma sura yake kabla hajasema neno.

Wakaja vijana wa stashahada na shahada, miongozo yote imo kwenye simu. Wakongwe wakasema hawa wanajua vitabu, hawajui mgonjwa. Vijana nao wakasema hawa wanakwenda kwa mazoea. Kila upande ulikuwa na lake la kweli, ila hata chai ilinywewa kwa makundi.

Mikutano ya kuhimizana upendo haikutufikisha popote. Kilichotukutanisha ni mwanasesere wa mafunzo ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua, yaliyoanza kuingia hospitali zetu nchini Tanzania mwaka 2009. Kanuni yake ni moja: mtoto asiyepumua apewe hewa kwa ambu, kile kipira cha kusukumia hewa chenye barakoa, ndani ya dakika ya kwanza. Ile ya kumning'iniza kichwa chini na kumpiga makalio, basi. Mbele ya mwanasesere yule wote tulikuwa wanafunzi.

Namkumbuka mkongwe mmoja, kifua cha mwanasesere kimegoma kuinuka.
"Mama, barakoa inavuja hapa kidevuni," kijana akamwambia.
"Haya mwalimu, nielekeze."
Kifua kikapanda. Jioni ile ile akamwita kijana kwa mzazi aliyetoka kujifungua, akamwekea mkono juu ya tumbo. "Mwanangu, umeusikia mfuko wa uzazi ulivyolegea? Usingoje uone damu kwenye shuka. Sugua, huku unaita wenzako."

Utafiti wa hospitali nane nchini, uliochapishwa 2013, ulionyesha kuwa baada ya mafunzo hayo vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Kwetu kilibadilika na kingine: ripoti ikahamia kitandani kwa mgonjwa, na aliyemhudumia ndiye anayeisema, awe na umri gani.

Sasa ratiba ya zamu naipanga mimi. Usiku sipangi vijana watupu, wala wakongwe watupu. Wakinilalamikia nawauliza: mtoto asipolia, au damu isipokata, ungependa nani awe karibu yako?