Uwanja wa gofu uliojaa "kama... basi"

Jamani, nimerudi kutoka Saiprasi, uso umebabuka kwa jua. Nilicheza Aphrodite Hills, karibu na Paphos, uwanja uliochorwa na Cabell Robinson na kufunguliwa mwaka wa 2002. Korongo refu linaugawa sehemu mbili. Huyu Robinson angekuwa mwandishi hodari wa programu: kila mara anakuuliza "kama... basi". Ukithubutu, unaokoa pigo, ukiogopa, unaliongeza.

Shimo la 7 ndilo hasa! Unasimama juu, korongo liko mbele yako, na mapigo uliyopewa ni 3 tu. Upepo wa bahari ulikuwa unanipiga usoni. Nilitaka kumaliza chini ya mapigo 100 kwa mara ya kwanza maishani, na hapa hakuna kitufe cha kughairi. Mwenzangu alilenga bendera, mpira wake ukazama korongoni. Mimi nikachukua fimbo ya kupiga mbali zaidi, nikaisahau bendera, nikalenga katikati ya majani mafupi. Mpira ukatua, ukabiringika kidogo... ukabaki.

Nilimaliza na 98. Kadi nimeipiga picha, iko kwenye kompyuta. Nakala mbili.