Kuushuka Mississippi

Kwenye Ziwa Itasca, kaskazini mwa jimbo la Minnesota, nilivua viatu nikavuka Mississippi kwa miguu. Maji hayakufika magotini. Ozawindib, kiongozi wa Waojibwe, ndiye aliyemfikisha hapa Henry Schoolcraft mwaka 1832, ingawa sifa ya kukipata chanzo ilimwendea mgeni.

Kutoka hapo mto hutiririka kilomita zipatazo 3,700 hadi Ghuba ya Meksiko. Bonde lake lina kilomita za mraba milioni 3.2, zaidi ya mara tatu ya ukubwa wa Tanzania.

Mjini Minneapolis, nguvu ya Maporomoko ya St. Anthony iliendesha vinu vilivyoufanya mji huo kuwa kinara wa unga. Kuanzia hapo hadi St. Louis mto umekuwa ngazi: mabwawa yameugawa katika vidato, na matishari hupandishwa au kushushwa ndani ya vyumba vya maji penye kila kidato. Nilitazama msafara mmoja ukipita, matishari 15 yaliyofungwa pamoja, kila moja likiwa na uwezo wa kubeba tani zipatazo 1,500 za mahindi au soya. Zaidi ya nusu ya nafaka ambayo Marekani huuza nje hupitia njia hii.

Karibu na St. Louis, Mto Missouri huingia na tope lake. Cairo, Illinois, ndipo Mto Ohio hujiunga, na hapo Ohio huleta maji mengi kuliko Mississippi yenyewe.

Kusini mwa Cairo, kingo zote mbili zina matuta marefu ya kuzuia mafuriko. Mwaka 1927 matuta hayo yalibomoka. Zaidi ya watu 600,000 walipoteza makazi, na wakulima weusi wengi wakawekwa kambini chini ya ulinzi wa askari, wakilazimishwa kufanya kazi. Mwaka uliofuata Bunge likaikabidhi serikali kuu jukumu la kuzuia mafuriko.

Louisiana inaonyesha gharama ya kuudhibiti mto. Mto ulikuwa unataka kuhamia Atchafalaya, njia fupi zaidi ya kufika baharini. Tangu 1963 milango ya Old River inaachia huko takriban asilimia 30 tu ya maji. Bila milango hiyo, bandari za Baton Rouge na New Orleans zingebaki kando ya mkondo dhaifu. Lakini tope lililojenga delta kwa maelfu ya miaka sasa hubanwa kati ya matuta hadi kwenye kina cha bahari, na tangu miaka ya 1930 pwani imepoteza karibu kilomita za mraba 5,000.

Mradi wa kufungua tuta huko Barataria, ili tope lirudi kwenye vinamasi, ulianza 2023 ukafutwa 2025. Wavuvi wa chaza walihofia kuwa maji ya mto yasiyo na chumvi yangeua mazao yao, na hofu yao ni ya haki. Hata hivyo, kila mwaka bila tope, vinamasi wanavyovitegemea vinazidi kuzama.