Chukudu ya dhahabu na ile ya Papa

Hapa Goma ukimwambia mtu wa pikipiki "nipeleke Chukudu", hakuulizi mara ya pili. Anakushusha kwenye Rond-point Chukudu, mbele ya sanamu ya rangi ya dhahabu: mwanaume anasukuma chukudu. Wageni wanaipiga picha na kucheka. Kwingine wanasimamisha majenerali, sisi tumemsimamisha mbeba viazi.

Mimi sikucheka. Papa yangu alikuwa mtu wa chukudu. Alijenga ya kwake kwa mbao za mikaratusi, magurudumu akayazungushia mpira wa tairi kuukuu. Alfajiri alitoka Kibumba na kabichi au makala, akateremka zaidi ya kilomita 20 hadi mjini. Karo yangu ya sekondari ilitoka humo. Lakini siku moja aliniita njiani nikiwa na wenzangu wa shule, nikajifanya sikusikia.

Mwaka 2009 sanamu ilipozinduliwa, Papa alivaa koti lake la misa akaenda kuitazama. Aliporudi nilimuuliza ameionaje. Akajibu: "Ni muzuri. Ila yule hachoki."

Mwishoni mwa 2022 vita vikafika Kibumba. Wasikilizaji wengi wa redio yetu mnaikumbuka ile barabara, maana mlikuwa ndani yake. Wengi walisimama Kanyaruchinya, wengine wakaendelea hadi mjini. Chukudu zilishuka bila kabichi: zilibeba magodoro, masufuria, bidoni, na wazee wasioweza kutembea. Mama mmoja aliniambia aliwaambia watoto wake kabla ya kutoka nyumbani: "Tukipotezana, tukutane kwa yule mtu wa dhahabu." Walimjua hata wale ambao hawajawahi kufika Goma.

Nilikuwa pale na kinasa sauti pamoja na waandishi wenzangu nilipomwona Papa. Alikuwa anasukuma polepole, shati limelowa. Juu ya mzigo alikuwa amekaa bibi wa jirani, ameshika kuku. Simu yake ilikuwa imezimika tangu jana yake.

Nikamwita "Papa!" kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara. Wenzangu wote wakageuka. Yeye hakusimama mara moja, maana chukudu yenye mzigo haisimami hivihivi. Nikakimbia, nikashika upande wa pili, tukasukuma pamoja.

Ile sauti iko bado kwenye kinasa changu. Sijaifuta.