Herufi Nilizozifuta kwenye Gamela ya Tate

Nilifuta jina la mtu kwa majivu na mchanga. Nilifuta pia namba ya babu yangu. Hakuna aliyenituma, wala sikuwa mtoto. Ilikuwa mwaka 2011, nikiwa tayari baba mwenye nyumba, mtu ambaye ukoo ulimwamini na kumkabidhi vitu vyake.

Hapa Bukavu kila mtu anaijua Kambi Saïo, kambi ya jeshi. Wengi tunapita kando yake bila kuuliza jina hilo limetoka wapi. Saïo ni mji wa milimani magharibi mwa Ethiopia, leo unaitwa Dembi Dolo. Tarehe 3 Julai 1941, Jenerali Pietro Gazzera wa Italia alisalimu amri kule mbele ya Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo lililoongozwa na Mbelgiji, Jenerali Auguste Gilliaert. Maofisa walikuwa Wazungu. Waliopanda milima ile wakiwa na bunduki na mizigo walikuwa vijana weusi wa Kongo, askari na wapagazi, na kuhara na beriberi viliwaua wengi kuliko risasi. Babu yangu alikuwa mmoja wa askari hao.

Nyumbani tulimwita tate. Alizaliwa Walungu. Serikali ilidai vijana kwa machifu, na chifu akamtoa yeye. Mkataba ulikuwa wa miaka saba. Aliporudi, Bukavu ilikuwa bado inaitwa Costermansville, naye alikuja na Lingala ya jeshini, nishani moja, blanketi la sufu lililokuwa likichoma ngozi, na gamela ya alumini, chombo cha chakula cha askari wa Kitaliano.

Gamela yenyewe ilikuwa na mfuniko wenye mkono wa kukunja, ubavu mmoja umebonyea. Nje ilikuwa imepauka. Ndani ya mfuniko mtu alikuwa amegonga herufi kwa ncha ya msumari, kitone kwa kitone: jina, kisha chini yake X, V na vijiti kadhaa vilivyosimama. Chini kabisa, kwa mkono mwingine, mzito zaidi, palichongwa tarakimu. Mimi tarakimu zile nilizizoea kama mtu anavyozoea ufa wa ukuta. Sikuwahi kuuliza ni za nini.

Hadithi tuliyokua nayo ni kwamba tate aliinyang'anya gamela ile kwa jenerali. Baba ndiye aliyependa kuisimulia hivyo, na sisi watoto tuliipenda, nami nikaibeba hadi ukubwani. Ningefikiri kidogo tu ningejua kwamba jenerali hali chakula katika chombo kilichobonyea, tena chenye jina lililogongwa kwa msumari. Lakini hadithi nzuri ilinitosha.

Mji wetu hautunzi karatasi. Mwaka 1967 mamluki wa Jean Schramme waliushika kuanzia Agosti hadi Novemba, na familia ikakimbilia Walungu. Mwaka 1996 tulikimbia tena. Juni 2004 mji ulipovamiwa na kuporwa, nishani iliondoka, na kitabu cha askari cha tate kikaondoka nacho. Gamela ilibaki kila mara, kwa sababu hakuna mporaji anayeitaka gamela iliyobonyea. Vita vitatu vilipita juu ya herufi zile bila kuzifuta.

Ndipo rafiki yangu mmoja akaniambia kuna mgeni amefikia upande wa Nguba, ananunua vitu vya enzi za ukoloni: picha, stempu, kofia za jeshi, nishani. Rafiki alikuwa amewahi kuiona gamela yetu na alikwisha kumweleza. Mgeni alikuwa tayari kutoa dola 50. Sikuwa na njaa wakati ule, wala mtoto mgonjwa. Nilitaka simu mpya.

Sasa nieleze lilivyotokea, maana nadhani wengi wangefanya vilevile. Kwetu chombo kinachong'aa ni heshima ya nyumba. Mama zetu na dada zetu husugua sufuria mpaka uone uso wako ndani yake, na mgeni akija hutolewa ile inayong'aa kuliko zote, kwa hiyo kumpelekea mnunuzi chombo kilichopauka na kukwaruzika niliona ni kumdharau na kujishushia bei. Nilichukua majivu ya jikoni, mchanga laini na limao, nikakaa uani tangu asubuhi. Nje kuling'aa upesi. Ndani kulikuwa na kazi, kwa sababu vile vitone vilishika weusi. Nilivisugua pamoja na zile tarakimu hata vikaisha. Niliona fahari.

Mgeni aliipokea kwa mikono miwili. Hakutazama nje, kule kulikong'aa. Alifungua mfuniko, akauinamisha kuelekea dirishani, akaugeuza, akaugeuza tena, akapitisha ukucha wa kidole gumba pale ndani, polepole, kutoka upande mmoja hadi wa pili. Kisha akauliza kwa Kifaransa maandishi yako wapi. Nikajibu kwamba nimeyasafisha. Akaniuliza kama niliyanakili popote kabla ya kusafisha. Hapo tumbo lilinikata.

Hakunigombeza. Aliuliza tu kama palikuwa na herufi X na V. Nikasema ndiyo, pamoja na vijiti, nilidhani ni marembo. Akanieleza kwamba Italia ya Mussolini ilihesabu miaka yake upya kuanzia Oktoba 1922, Mafashisti waliposhika madaraka, na kuiandika kwa namba za Kirumi. Marembo yangu yalikuwa mwaka. Aliniambia gamela za aina ile zimejaa Italia. Alichotaka yeye ni jina. Akanirudishia.

Nakiri kwamba siku ile nilisikitikia dola 50. Uzito wenyewe niliujua miaka kumi na moja baadaye.

Juni 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alikuja Kinshasa na kumvisha nishani Koplo Albert Kunyuku, mzee wa miaka 100, askari wa Force Publique aliyepelekwa Burma katika Vita hivyohivyo vya Pili vya Dunia. Nilisikiliza habari ile redioni na kugundua kwamba sijui hata batalioni ya tate. Nikamwomba binamu yangu anayeishi Brussels aulizie kwenye hifadhi za nyaraka. Jibu lililokuja lilikuwa fupi: leteni matrikule yake, yaani namba yake ya jeshini. Jina peke yake halikutosha, kwa sababu majina ya askari weusi yaliandikwa jinsi karani alivyoyasikia, na jina la tate lina wenyewe wengi Walungu.

Nikapanda Bagira kwa shangazi. Ndiye pekee aliyebaki wa watoto wa tate. Nilimwuliza kama anaikumbuka namba ya tate ya jeshini.

"Lakini iko mu gamela, papa," akasema. "Tate aliichongaka ye mwenyewe, chini ya jina ya ule Muzungu."

Sikuwa na la kusema. Nilimweleza nilichofanya. Alinitazama, halafu akanisimulia hadithi ambayo sikuwahi kuiomba.

Baada ya Saïo tate alikuwa kati ya waliowasindikiza mateka kushuka kuelekea Gambela. Mwitaliano mmoja alishikwa na homa, hakuweza tena kubeba vitu vyake, na tate akambebea. Walipoachana, yule mateka alimtia gamela mikononi na kusema maneno mengi. Hawakusikilizana lugha. Tate hakujua kama amepewa au ameombwa kuitunza. Kwa hiyo aliamua kuitunza. Aliwaambia watoto wake ndani isisuguliwe, jina la mwenyewe libaki, huenda siku moja mtu wake akaja. Namba yake aliichonga ili huyo atakayekuja ajue nani aliiweka.

Baba aliyasikia haya pamoja na shangazi. Mbele yetu akachagua jenerali. Simlaumu, mimi ndiye niliyekuwa na muda wa kumwuliza shangazi, na nilikuwa napita mlangoni kwake mara nyingi.

Hasara ni hii. Kama faili la tate lipo Brussels, hatuna njia ya kulifikia. Hatujui batalioni yake. Ukoo mmoja Italia hautajua kwamba mtu wao, akiwa na homa, alibebewa mzigo na kijana wa Walungu. Nimelaza karatasi juu ya mfuniko na kupitisha penseli: inatokea B, na mguu wa herufi inayoifuata, basi. Shangazi hanipi tena vitu vya kutunza. Picha ya harusi ya tate ameikabidhi kwa binti yake, na amefanya vema.

Najua gamela yetu si ya peke yake. Ziko nyumba Kadutu, Bagira, Kabare na Walungu zenye kitu kilicholetwa na askari kutoka Ethiopia au Misri, na Tanzania na Kenya ziko nyumba zenye vitu walivyoleta wazee wa KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Waingereza, kutoka Burma. Ukiwa nacho, usikisugue. Kipige picha kwa simu, mwanga ukitokea ubavuni ili mikwaruzo itoe kivuli. Nakili kila alama, hata ile unayoiona rembo. Kisha nenda kwa shangazi au mjomba aliyebaki, umwulize kilipatikanaje, na uandike anavyosema yeye. Picha na maneno hayo uyatume wiki hiyohiyo kwa ndugu walioko mbali, maana sisi wa Bukavu, Februari 2025, mji ulipotekwa, tuliona tena jinsi watu wanavyoziacha nyumba zao usiku.