Majuto ya Mjukuu: Orodha, Mpangilio na Maneno ya Nyanya

Wahenga walinena kwamba majuto ni mjukuu, huja baadaye. Mimi ni mjukuu, na majuto ninayokusudia kuyasimulia ni yangu mwenyewe. Yalinifika nikiwa mbele ya tarakilishi, nikitunga programu ya kuhifadhi msamiati wa ususi wa mikeka niliokuwa nimeupokea kutoka kwa nyanya yangu huko pwani. Nimeona niyaeleze katika jarida letu kwa kuwa mwanaleksikografia na mtunzi wa programu hukutana mahali ambapo aghalabu hatupatazami, yaani katika suala la mpangilio.

Likizo ile niliketi na nyanya barazani kwa siku nne, yeye akitaja, mimi nikiandika kwenye vipande vya karatasi. Hakutaja maneno ovyo. Alifuata kazi yenyewe: kata, anika, chana, chemsha, anika, suka, shona, pinda. Ukindu hukatwa, huanikwa hadi ukauke, huchanwa uwe vipande vyembamba, huchemshwa katika rangi, huanikwa mara ya pili, ndipo ukasukwa kuwa ukili. Ukili nao hushonwa ukawa mkeka, na hatimaye ukingo hupindwa. Chini ya kila kitenzi palikuwa na majina ya vifaa, ya kasoro na ya mapambo, hata jumla ikafika maneno 212. Kila baada ya muda alinikatiza: "Ngoja kwanza, mjukuu wangu. Kabla ya hilo nimeruka moja."

Niliporejea chuoni niliyaingiza maneno yale katika programu niliyoitunga kwa lugha ya Java. Lugha hiyo huviainisha vitu vyake katika makundi ambayo mimi hupenda kuyaita ngeli, kwa sababu kama ilivyo katika sarufi yetu, ngeli ndiyo huamua kitu kitachukua viambishi gani na kitakubali matendo gani. Mwaka wa 1998, katika toleo la 1.2, Java iliongezewa mfumo wa mikusanyiko uliobuniwa na Joshua Bloch, na miongoni mwa mikusanyiko hiyo imo orodha. Nilikuwa na sababu tatu za kuichagua. Safu ya kawaida huwekewa ukubwa wake tangu inapoundwa, ilhali orodha hukua kadiri unavyoiongezea. Pili, orodha hukubali kitu kipya katikati: neno likiingizwa katika nafasi ya 3, yaliyofuata yote husogea hatua moja, na hivyo ndivyo nilivyoyapa mahali pake maneno ambayo nyanya aliyaruka. Tatu, orodha huruhusu marudio. Seti ingelikataa lile "anika" la pili, ikidhani ni lile lile la kwanza.

Isitoshe, orodha huhifadhi mfuatano wa kuingia. Kilichotangulia kuingizwa hukaa katika nafasi ya 0, maana mashine huanza kuhesabu kwa sifuri, na kinachofuata hukaa katika nafasi ya 1. Nikatosheka. Zile karatasi nikazitupa, nikiamini kwamba tarakilishi haisahau.

Jioni moja nilihitaji faharasa ya kialfabeti kwa ajili ya kazi ya somo la leksikografia. Niliandika kwamba "faharasa" ni sawa na "maneno ya nyanya", kisha nikaamuru faharasa ipangwe kwa alfabeti. Kufumba na kufumbua kazi ilikuwa imekwisha, na vile vitenzi vikuu sasa vilifuatana hivi: anika, anika, chana, chemsha, kata, pinda, shona, suka. Nilipoona "anika" mbili zimeshikana, nilidhani nimelinukuu neno hilo mara mbili kwa uzembe. Nikafuta moja. Nikahifadhi kila kitu, nikalala.

Asubuhi nilifungua orodha ya nyanya. Nayo ilikuwa imepangwa kwa alfabeti.

Msomaji mpenzi, kosa langu lilikuwa la kisemantiki. Nilidhani kwamba kwa kuandika "faharasa ni sawa na maneno ya nyanya" nilikuwa nimeunda nakala. La hasha! Katika utunzi wa programu wa aina hii, jina la kitu si kitu chenyewe. Jina huelekeza tu mahali kitu kilipo. Nilikuwa nimekipa kitu kimoja majina mawili, mfano wa mama mmoja aitwaye Mama Halima nyumbani na Mwalimu shuleni. Ukimvika Mwalimu kanga, Mama Halima naye amevaa. Na amri ile ya kupanga haiundi orodha mpya, bali huvisogeza vitu ndani ya orodha ile ile. Hivyo basi, katika orodha yangu ukindu ulianikwa kabla ya kukatwa, na mkeka ukapindwa kabla ya kusukwa. Hakuna neno lililopotea isipokuwa "anika" moja, lakini kazi nzima ya nyanya ilikuwa imepotea.

Nilirudi pwani. Nilimpigia nyanya shikamoo, akaitikia marahaba, nikamweleza kwa aibu kwamba maneno yake yamevurugika. Alicheka. "Anza kwa kukata," akasema, "mengine yatakuja yenyewe." Na kweli, yale ya kazi yalikuja karibu yote, maana mikono yake iliyafuata hewani. Lakini majina 26 ya mapambo, ambayo mara ya kwanza aliyataja kwa mfuatano aliofundishwa na mamaye, aliweza kuyapanga 19 tu. Saba yaliyobaki aliyatambua, ila hakukumbuka lipi lilitangulia lipi. Hadi leo yako mwishoni mwa orodha yangu, yakingoja mahali pasipojulikana.

Tangu hapo nimebadilisha utunzi wangu. Kila neno sasa ni kitu chenye sifa zake: tahajia, maana, na zamu yake katika simulizi. Nikitaka alfabeti, naunda nakala halisi kisha naipanga kwa kigezo cha tahajia. Nikitaka kazi ya nyanya, naipanga kwa kigezo cha zamu. Orodha ya asili nimeifunga isibadilike, jambo ambalo Java imelirahisisha tangu toleo la 10 la mwaka wa 2018 kwa amri ya kunakili orodha katika umbo lisilobadilishwa.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kuiona alfabeti kuwa ndiyo mpangilio, na kila tunapokusanya msamiati wa mafundi, wavuvi au wapishi, jambo la kwanza ni kuanza kwa A. Alfabeti humfaa anayetafuta neno alijualo. Haimwambii kitu anayetaka kujua kazi inaanzia wapi. Basi, wenzangu, mnapokwenda nyanjani, andikeni neno, andikeni maana, na pembeni andikeni nambari ya zamu yake. Karatasi msizitupe.