Maji ya Zamu: Safari Yetu Katika Nchi ya Aflaj

Nchi ya Omani si ngeni masikioni mwa watu wa pwani yetu. Wazee wengi wa Unguja, Pemba na Mombasa wana nasaba huko, na hata leo msafiri apitaye katika soko la Matrah husikia Kiswahili kikisemwa. Lakini lipo jambo moja la nchi hiyo ambalo wengi wetu tumelisikia kwa mbali tu, nalo ni namna watu wa nchi kavu walivyokaa karne nyingi na maji machache pasipo kuyamaliza.

Tulitoka Maskati asubuhi tukapita bonde la Samail, baina ya milima myeusi isiyo na jani. Baada ya mwendo wa kilomita 150 hivi tukafika Nizwa, mji uliokuwa makao ya Maimamu. Hapo macho yalipumzika, kwani mitende ilikuwa imesongamana, na chini yake maji yakienda taratibu katika mfereji wa mawe. Hiyo ndiyo Falaj Daris.

Falaj, ndugu wasomaji, ni mfereji, na wingi wake ni aflaj. Ziko zianziazo katika chemchemi, na ziko zipokeazo maji ya mabondeni. Lakini iliyotushangaza zaidi ni ile ya chini ya ardhi. Mafundi huchimba kisima kando ya mlima, wakiitacho mama wa falaj, mpaka wayafikie maji. Kisha hutoboa njia ndefu chini ya ardhi, yenye mteremko mdogo mno, na kila baada ya hatua kadhaa huacha tundu la kuingizia hewa na kutolea mchanga. Njia hiyo huendelea mpaka maji yatokeze yenyewe karibu na mji. Hapana pampu, hapana mafuta, wala hapana moshi. Katika Omani aflaj zaidi ya 3,000 zingali zikitumika, na mwaka 2006 tano katika hizo ziliandikwa na UNESCO katika urithi wa ulimwengu.

Uhodari wa kuchimba ni nusu ya khabari. Nusu ya pili ni uadilifu wa kugawa. Maji yafikapo mjini, kwanza ni ya kunywa. Kisha hupita msikitini na mahali pa kuoga, ndipo yaende mashambani. Huko kila mtu ana zamu yake, na zamu hupimwa kwa saa, si kwa ndoo. Kipimo chake huitwa athar, nacho ni nusu saa hivi. Zamani mchana walikipima kwa kivuli cha kijiti, na usiku kwa kutazama nyota. Ziko zamu zilizowekwa wakfu kwa ajili ya misikiti, na ziko zinazokodishwa ili fedha zake zitengeneze mfereji. Birkat al-Mawz tuliiona Falaj al-Khatmeen ikigawanyika mikondo mitatu iliyo sawasawa, hata mtu hawezi kusema huu umependelewa.

Tarikhi yamtaja Imamu Seif bin Sultan wa ukoo wa Yaarubi kuwa alitengeneza aflaj na kupanda mitende kwa wingi. Ndiye ambaye majeshi yake yaliwatoa Wareno katika Ngome ya Mombasa mwaka 1698. Sisi twamkumbuka kwa vita. Watu wa Omani wamkumbuka pia kwa maji.

Katika uwanda wa Batina, kando ya bahari, mambo yalikwenda namna nyingine. Zilipoenea pampu za mashine, kila mwenye shamba aliweza kuvuta maji kisimani pake saa aitakayo, bila zamu wala kumwuliza jirani. Bandu bandu huisha gogo. Maji matamu yakapungua chini ya ardhi, na maji ya bahari yakaingia mahali pake. Mashamba ya karibu na pwani yakashikwa na chumvi. Serikali ikajenga mabwawa ya kuzuia mafuriko ili maji yapate kuzama ardhini. Mojawapo ni la Al Khoud, lililojengwa mwaka 1985.

Juu ya hayo, majira yenyewe yanabadilika. Makaa, mafuta na gesi zichomwazo ulimwenguni huijaza anga hewa ya ukaa, nayo huzuia joto lisitoke. Katika mji wa Quriyat, tarehe 26 Juni 2018, joto halikushuka chini ya digrii 42.6 hata usiku. Mwezi wa Oktoba 2021 tufani Shaheen ikaleta mafuriko makubwa katika Batina hiyo hiyo.

Siku hizi miji mikubwa hunywa maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi kwa mitambo. Mitambo hiyo hula umeme mwingi, na umeme wa Omani kwa sehemu kubwa hutokana na gesi. Hapa ndipo penye fundo: tukichoma gesi ili tupate maji, twaongeza joto linalokausha maji.

Lakini fundo hilo limeanza kulegezwa. Kusini, katika jangwa la Nimr, mafuta hutoka ardhini pamoja na maji machafu mengi kuliko mafuta yenyewe. Zamani maji hayo yalisukumwa kurudi chini sana kwa pampu zenye kula umeme mwingi. Sasa zaidi ya mita za ujazo 100,000 kwa siku hupitishwa katika mashamba makubwa ya matete. Maji hushuka yenyewe kwa mteremko, na vijidudu vilivyo katika mizizi hula mafuta yaliyobaki. Ndege wasafirio hutua huko. Hatusemi kuwa matete yameondoa moshi wa mafuta yatakayochomwa, hayakuuondoa. Lakini umeme mwingi umeokolewa kwa hekima ile ile ya falaj.

Mwaka 2022 serikali ya Omani iliahidi kwamba ifikapo 2050 nchi haitaongeza hewa ya ukaa angani. Imekusudia pia kutengeneza haidrojini kwa umeme wa jua na upepo, ili viwanda, kama vile vya chuma, viitumie badala ya gesi. Ni azma njema. Lakini kila kilo moja ya haidrojini hutaka kilo 9 za maji safi, au zaidi. Basi kiwanda nacho hakina budi kuulizwa swali aulizwalo mkulima wa Nizwa: zamu yako ni ipi, na ya jirani umeiacha?

Nasi wa pwani tunavyo visima vilivyoanza kuingia chumvi, na pampu zinanguruma usiku kucha. Tumefunzwa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza israfu ya maji katika udhu hata kwa aliye kando ya mto. Ikiwa mto una hesabu, kisima je? Vijana wetu wasomao uhandisi na wajifunze pampu na mitambo ya jua, lakini wajifunze na zamu pia. Mashine yaweza kuvuta maji, lakini haiwezi kumwambia mtu kwamba fungu lake limekwisha.