Neno la herufi mbili lililonifuta kazi

Leo tuweke kando mambo ya kuandika programu, niwasimulie jinsi nilivyojifuta kazi kwa Kihispania.

Mwaka 2023 nilikuwa hapa Nairobi nikimwandikia programu mteja aliyeko Guadalajara, Meksiko. Wao wako nyuma yetu kwa saa 9. Kihispania nilijifundisha mwenyewe, jioni jioni. Siku moja nilimaliza mkutano na kampuni iliyonipatia mradi huo, tukaagana vizuri. Nikamwandikia msimamizi wa kule Guadalajara: "Me despidieron a las seis." Nilidhani nimesema waliniaga saa kumi na mbili. Nikazima kompyuta, nikaenda zangu.

Asubuhi nywila ikakataa. Jaribu tena, ikakataa. Kumbe kitenzi kile ni cha kuaga na pia cha kufuta kazi, na sentensi yangu, kama nilivyoiandika, yeyote angeisoma "walinifuta kazi." Aliyefutwa kazi haachiwi funguo za seva, kwa hivyo nikafungiwa. Ilikuwa Jumanne, na kazi ilitakiwa Ijumaa!

Nilipaswa kuandika "Me despedí de ellos", yaani niliwaaga. Tazama vizuri: "me" iko pale pale katika sentensi zote mbili. Sisi tuna viungo viwili, -ni- na -ji-. Ananiosha, ninajiosha. Mhispania anavifanya vyote kwa "me": me lava, ananiosha, me lavo, ninajiosha. Anayetenda anajulikana kwa mwisho wa kitenzi. "Despidieron" ni wao, "despedí" ni mimi. Mimi nilikuwa naikodolea macho "me" huku jibu liko mkiani.

Lakini msikate tamaa, kwa sababu Kiswahili kinatubeba sana. Kosa langu jingine lilitoka kwenye Kiingereza cha shule: nikitaka kusema napenda kitu, naanza na "yo". Hapana. Ni "me gusta el programa", programu inanipendeza. Zikiwa nyingi, "me gustan los programas", zinanipendeza. Kitenzi kinafuata programu, na mimi ninabanwa humo kama -ni- yetu. Hata simu ikianguka, Mhispania husema "se me cayó el teléfono". Sisi tunasema simu imeniponyoka. Lawama kwa simu!

Sasa, "me" inakaa wapi? Haya ndiyo niliyoandika kwenye karatasi na kubandika ukutani:

1. Kwa kawaida hutangulia kitenzi: me mandas el archivo, unanitumia faili.
2. Ukiamrisha, inaruka nyuma na kushikana na kitenzi: mándame, nitumie. Msisahau ile alama ya mkazo juu ya "a".
3. Ukikataza, inarudi mbele: no me mandes, usinitumie.
4. Ikiwa pamoja na "lo", "me" hutangulia: mándamelo, nitumie hiyo faili.
5. Baada ya "para", "a" au "de" tumia "mí" yenye alama: para mí, kwa ajili yangu. Bila alama, "mi" ni -angu: mi código, msimbo wangu.
6. Pamoja nami ni "conmigo", neno moja, kama "nami" yenyewe. Usiseme "con mí".

Wanaoandika programu mnajua nukta-mkato moja ikikosekana kompyuta inagoma na kukuonyesha mstari wenye kosa. Binadamu hagomi. Anakuelewa vingine, anachukua hatua, nawe umelala.

Nilirudishiwa funguo Alhamisi asubuhi, nikakesha, kazi ikafika Ijumaa. Ujumbe uliowafanya wafungue mlango ulikuwa mfupi: "Nadie me despidió. Solo me despedí de ellos." Hakuna aliyenifuta kazi, niliwaaga tu. "Me" mbili, vitenzi viwili, na safari hii nilikagua mkia wa kila kimoja kabla ya kutuma.

Haya, kwa leo me despido. Yaani nawaaga, sijafutwa!